Kabla hujanunua springi, safisha mtutu

Mchezaji wa easofti, mchezo wa bunduki za kuchezea zinazorusha gololi za plastiki, akiona gololi zake zinaanguka mita thelathini huku za mwenzake zikifika hamsini, wazo la kwanza huwa springi kali. Dukani hawatamkataza. Akishaifunga, gololi zinatoka kwa kasi zaidi na bado zinakwenda zinakotaka, ila sasa zinauma. Springi haikuwa na kosa. Kwenye bunduki ya umeme, umbali na shabaha vinatoka kwenye vitu vitatu vidogo: gololi yenyewe, mpira wa hopu (ule unaoizungusha gololi ikitoka), na mtutu wa ndani. Ukivishughulikia hivyo vitatu, springi iliyokuja na bunduki mara nyingi inatosha kabisa.

Watazame Wajapani. Kampuni ya Tokyo Marui ndiyo iliyoleta bunduki ya umeme ya aina hii mwaka 1991, umbo la FAMAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa, na hadi leo wanatengenezea soko ambalo sheria yake tangu 2006 haitaki nguvu ya gololi ifike hata jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati); kikomo ni kama 0.98. Bunduki zao zinasifika kwa shabaha zikiwa zimetoka tu boksini, bila kuongezwa nguvu yoyote. Siri iko kwenye mpira.

Halafu kuna hesabu ya sheria. Namba ya springi hukisia kasi ya gololi ya gramu 0.20 kwa mita kwa sekunde: M100 ni karibu mita 100, yaani jouli 1. M120 inakupeleka karibu jouli 1.44. Uingereza kikomo cha bunduki inayomimina ni jouli 1.3, na ile ya kufyatua moja moja 2.5. Ukizidisha hapo unachokishika si chombo cha mchezo tena machoni pa sheria. Viwanja vingi vya huko vimejiwekea futi 350 kwa sekunde, ambazo ni mita 107, jouli 1.14. Kwa hiyo M120 kwenye bunduki ya kumimina ni pesa uliyolipa ili urudishwe getini.

Tuanze na gololi, maana ndiyo rahisi. Nzuri ina kipenyo cha milimita 5.95, imeng'arishwa, haina mstari wa kiungo wala tundu la hewa ndani. Iviringishe juu ya kioo kilicholala sawa. Ikitembea kwa kuyumba, mfuko mzima una mashaka. Uzito wa 0.20 ni wa kupimia kasi tu. Kwa bunduki ya jouli 1 uwanjani, tumia 0.25 au 0.28. Kwa nguvu ileile, ya 0.28 inatoka na mita 84 au 85 kwa sekunde badala ya 100, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani wamepoteza. Nzito haipungui kasi haraka na upepo hauisukumi ovyo, kwa hiyo ikifika mita arobaini imeshaifikia ile nyepesi na iko kwenye mstari wake. Ukipanda 0.30 na zaidi, hakikisha mpira wako unaweza kuiinua kwanza.

Gololi za kuoza, zile ambazo viwanja vingi vya msituni vinazidai, zinanyonya unyevu. Mfuko uliofunguliwa ukakaa stoo miezi kadhaa unaweza kuvimbisha gololi kwa sehemu ndogo ya milimita, na sehemu hiyo ndogo inatosha kukwama mtutuni. Zihamishie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, na kale kapakti ka kukausha unyevu kanakokuja na viatu ukatumbukize humo. Na zilizoanguka chini ziache hukohuko. Chembe moja ya mchanga inakwaruza mtutu na kuchana mpira, na mpira ni ghali kuliko gololi kumi ulizookota.

Sasa hopu yenyewe. Nyuma ya mtutu wa ndani kuna kadirisha kamekatwa upande wa juu. Mpira umevaa mtutu, na kinundu chake kinachungulia kwenye kadirisha hako. Gololi ikipita, kinundu kinaisugua kwa juu, inatoka ikizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo hewani unaiinua isianguke mapema. Kila kitu kinategemea msuguano wa sehemu isiyozidi punje ya mchele. Ukiipaka mafuta sehemu hiyo, umeua bunduki.

Ndiyo maana ushauri wa kupuliza silikoni mdomoni mwa mtutu "ili ulainike" ndio ushauri mbaya kuliko wote unaozunguka viwanjani. Silikoni inateremka hadi kwenye mpira, kinundu kinateleza, gololi moja inapaa juu ya miti na inayofuata inaanguka miguuni. Mtutu wa ndani hautaki mafuta ya aina yoyote. Unataka ukavu.

Kusafisha ni hivi. Chomoa magazini, elekeza bunduki mahali salama, fyatua mara mbili tatu kutoa gololi iliyobaki kwenye chemba, kisha toa betri. Miwani ibaki usoni mpaka betri imetoka. Rudisha hopu sifuri, yaani ilegeze mpaka mwisho, la sivyo fimbo itagonga kinundu na kukichana. Kata kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, upana sentimita 2 na urefu kama 12, kipitishe kwenye tundu la fimbo ya plastiki, halafu kikunje kifunike ncha yote. Kilowanishe kidogo kwa spiriti. Pima urefu wa mtutu na uweke alama ya tepu kwenye fimbo ili uishie sentimita mbili kabla ya mwisho; mtutu wa kawaida wa M4, umbo la bunduki ya jeshi la Marekani, ni milimita 363, kwa hiyo alama inakaa kwenye 343. Ingiza polepole ukizungusha, toa, geuza kitambaa upande msafi, rudia mpaka kitoke cheupe. Malizia na kikavu mara mbili. Ukikuta kitambaa cha kwanza kimetoka cheusi tii, usishangae. Ni vumbi la gololi lililochanganyika na grisi ya giaboksi, lile boksi la gia na pistoni.

Mfuko wa kilo 1 wa gololi za 0.25 una gololi 4,000. Safisha kila mfuko mmoja ukiisha, na kila ukitoka kwenye matope. Aliyeweka mtutu mwembamba wa milimita 6.01 au 6.03 badala ya ule wa 6.08 asafishe mara mbili ya hapo, kwa sababu nafasi kati ya gololi na ukuta ni ndogo mno kuvumilia uchafu. Kwa maoni yangu 6.03 ndiyo mwisho wa maana kwa mtu anayecheza nje. Hiyo 6.01 ni ya ukumbi wenye sakafu iliyofagiwa.

Mpira ukichoka, usafi hautasaidia. Dalili zake unaziona shabahani: gololi mbili zinatoka kwa mpigo, au ukiinamisha mdomo wa bunduki gololi inateleza na kudondoka yenyewe. Hapo midomo ya mpira imelegea. Kuubadilisha kwenye M4 hakuhitaji kufungua giaboksi. Gonga pini ya mbele ya bodi itoke, telezesha bodi ya juu kwenda mbele, vuta mtutu pamoja na chemba ya hopu. Kuna springi ndogo kwenye chemba. Iweke kwenye kisahani mara moja, maana ikidondoka kwenye zulia hutaiona tena. Ondoa kibanio chenye umbo la herufi C, chomoa mtutu, vua mpira wa zamani.

Mpira mpya huwa na mafuta ya kiwandani. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, uache ukauke kabisa. Ugumu wake huandikwa kwa namba: 50 ni laini, unafaa bunduki ya jouli 1 kushuka chini na siku za baridi; 70 ni mgumu, wa bunduki zenye nguvu zaidi. Kwa wengi, 50 au 60. Ndani ya mpira, upande wa pili wa kinundu, kuna kauti kembamba kanakoingia kwenye mfereji uliochongwa mtutuni. Kasipokaa kwenye mfereji, mpira umepinda na utalipa uwanjani. Ukishauvisha, zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi moja au mbili nyuma ya kadirisha, bila kukafunika, ili hewa isipenye kati ya mpira na chemba. Rudisha kwenye chemba, kisha kabla ya kufunga bodi, elekeza mtutu kwenye taa na uchungulie kutoka mdomoni huku ukikaza hopu. Kinundu kinatakiwa kishuke sawasawa kutoka juu, kama ukingo wa kope. Kikishuka kwa kuinama upande mmoja, vua uanze upya. Hakuna marekebisho mengine ya kosa hilo.

Kurekebisha hopu kuna mpangilio wake: chagua uzito wa gololi kwanza, ndipo ukaze. Ukibadilisha uzito, anza upya. Simama, shika bunduki sambamba na ardhi, fyatua moja moja kutoka sifuri ukiongeza kidogo kidogo. Unachotafuta ni gololi iende moja kwa moja kama mita arobaini, iinuke kidogo sana karibu na mwisho, kisha ianguke. Ikipanda mapema umekaza mno. Halafu pima kasi mara kumi na kila namba uiandike. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ikiwa mita 2 kwa sekunde, mko vizuri. Ikifika 5 au zaidi, kuna hewa inavuja mahali.

Hapo gololi zenyewe zinakueleza. Zikipinda upande uleule kila mara, mpira au kinundu kimekaa upande. Zikitawanyika kulia na kushoto bila mpango, mtutu ni mchafu au mpira una mafuta. Zikipishana juu na chini, tafuta uvujaji. Njia ya kuutafuta ni ya mikono: giaboksi ikiwa wazi, unganisha silinda, kichwa chake, nozeli (kimdomo kinachopeleka hewa mtutuni) na pistoni nje ya boksi, ziba tundu la nozeli kwa kidole, sukuma pistoni. Inatakiwa igome na kukurudisha. Ikiingia taratibu kama sindano ya mganga, hewa inapita. Mara nyingi ni oringi, yaani pete ya mpira, ya pistoni iliyokauka au ya kichwa cha silinda iliyosinyaa. Oringi mpya na grisi ya silikoni kidogo inamaliza kazi. Grisi ya petroli ipeleke mbali na mpira wowote, na dawa za kupuliza za kulegezea kutu zibaki gereji.

Kuhusu giaboksi nitasema kidogo, kwa sababu wengi huiharibu kwa kuifungua bila sababu. Gia zinataka utando mwembamba wa grisi nzito kwenye meno. Ukijaza, inarushwa kwenye mota na kupenya hadi nozeli, na kutoka hapo unajua inakoishia. Bunduki ikilia kwa sauti kali kama filimbi, usikimbilie zile washa, vipete vyembamba vya kupanga gia. Kwanza zungusha skrubu ya chini ya mshikio robo mzunguko kwa wakati mmoja, fyatua, sikiliza. Mota ikikaa juu sana au chini sana dhidi ya gia ndiyo inayopiga kelele. Jino la pistoni likivunjika mara kwa mara baada ya kuhamia betri ya volti 11.1 na springi laini, chanzo ni kwamba gia inarudi kuidaka pistoni kabla haijafika mbele. Rudi volti 7.4 kabla hujanunua pistoni ya tatu.

Miwani niliyoitaja juu ina namba zake pia. Alama F ya kipimo cha Ulaya EN 166 imejaribiwa kwa gololi ya chuma ya gramu 0.86 ikienda mita 45 kwa sekunde. Piga hesabu: ni jouli 0.87, pungufu ya bunduki ya kawaida uwanjani. Alama B ni mita 120, zaidi ya jouli 6. Kwa hiyo miwani ya fundi seremala yenye F haitoshi hata ikiwa safi na ya bei. Tafuta B, yenye kioo cha tabaka mbili ili isifanye ukungu, maana anayevua miwani katikati ya mchezo kufuta ukungu ndiye anayeumia.

Siku ikiisha, kama ulikuwa unamimina, weka kwenye moja moja na ufyatue mara moja au mbili ili pistoni ikae mbele na springi ipumzike. Legeza hopu hadi sifuri, kinundu kisibaki kimebonyea wiki nzima. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya volti 7.4 ikijaa inasoma 8.4, usiihifadhi hivyo wala usiiache ishuke chini ya volti 6. Ishushe au ipandishe mpaka 7.6, ichomoe, iweke kwenye mfuko wake usioshika moto. Kuchaji, ya mAh 1,300 ipe ampea 1.3, na usiondoke chumbani. Iliyovimba haichajiwi tena, hata kama jana ilifanya kazi.