Kijiji kilichotuita wenzao

Nimerudi usiku, viatu bado vimelowa mvua, ila naandika leo leo. Safari yenyewe ilikuwa ya Ronchamp, mashariki mwa Ufaransa, kuona lile kanisa la mwaka 1955 lililobuniwa na msanifu majengo Le Corbusier. Nimeliona, ni zuri. Lakini kilichonikamata ni kijiji jirani, Champagney, na tangu mchana akili yangu haijatoka huko.

Tarehe 19 Machi 1789, kama miezi minne hivi kabla gereza la Bastille kule Paris halijavamiwa na Mapinduzi ya Ufaransa kupamba moto, wanakijiji walikaa kuandika malalamiko yao kwa mfalme, maana Louis wa 16 alikuwa ameagiza kila sehemu iandike ya kwake. Wakulima tu hawa, kodi zimewaelemea, wangeweza kulia shida zao wakaishia hapo. Kumbe kwenye kipengele cha 29 wanaomba utumwa wa watu weusi ufutwe! Wanasema hawawezi kuyafikiria mateso ya weusi kule makoloni bila mioyo yao kujaa uchungu, wakiwaza wenzao wanatendewa vibaya kuliko wanyama wa mizigo. Neno lenyewe kwa Kifaransa ni semblables, nimelirudia kulisoma mara tatu, yaani watu kama sisi.

Walijuaje, wakati bahari yenyewe iko mbali huko? Inasimuliwa kwamba kijana wao mmoja, Jacques-Antoine Priqueler, aliyekuwa askari kwenye kikosi cha mfalme, ndo aliwaletea habari, na kanisani kwao kuna picha ya mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu na mmoja ni mweusi, Baltazari. Sura nyeusi waliyoizoea wengi wao ilikuwa hiyo, ya kwenye picha, ya mfalme.

Mi bibi yangu ni wa Kilwa. Mwaka 1776, miaka 13 tu kabla ya hiyo karatasi, Mfaransa mmoja anaitwa Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupeleka visiwa vya Wafaransa, Mauritius ya leo na kwingineko. Kwa hiyo hao weusi wa makoloni walioliliwa Champagney, wengine walipandishwa jahazini kwetu kabisa.

Utumwa wenyewe Ufaransa iliufuta 1794, Napoleon akaurudisha 1802, ukaja kufutwa moja kwa moja 1848. Pale kijijini tangu 1971 kuna makumbusho ya habari hii, Nyumba ya Negritude (negritude ni ile fikra ya kujivunia weusi na utamaduni wake), aliianzisha René Simonin, na Senghor, mshairi aliyekuwa rais wa Senegal, akawa mlezi wake.

Jioni nikampigia bibi, shikamoo, marahaba mjukuu wangu, nikamsimulia yote. Akauliza, "Walikuwa wanatujua?" Nikamwambia hapana bibi, hawakuwahi kutuona. Akanyamaza kidogo, afu akaniambia nilitaje tena jina la hicho kijiji, taratibu, na yeye akawa analifuatisha, Shampanye, Shampanye.