Kabla sijakupangia sola nakupandisha gari kwanza (siku yangu moja, Unguja)

Watu wananiuliza sana, wewe fundi wa sola siku nzima unafanya nini, wanadhani niko juu ya bati tu na bisibisi mkononi. Kuna siku ni hivyo kweli. Lakini juzi Jumamosi sikufunga hata skrubu moja na kwangu mie ndo siku niliyofanya kazi ya maana kuliko wiki nzima, kwa hiyo naiandika hapa saa kwa saa.

Saa 11 alfajiri
Nimeamka, nimesali, nimekwenda kuchungulia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike nyumbani. Betri iko asilimia 58. Usiku kucha ilibeba friji ndogo, mafeni mawili, taa ya ukumbini na simu zetu zote. Umeme mtaani ulikatika toka saa 9 usiku na mie wala sikujua, nimejua nilipofungua mlango nikamuona jirani kalala barazani na watoto kwa joto. Nikampa waya wa kuchajia simu kupitia dirishani.

Ujumbe ukaingia: "Mwanangu tumeshatoka. Ami yako hakulala kwa joto."

Hawa ni wateja wangu, mume na mke, yeye Bi Mwalimu kastaafu skuli na mumewe namwita Ami. Wanajenga Tunguu. Wiki iliyopita Ami alinipigia simu akaniambia fundi nataka sola ya kubeba AC nne, niambie bei. Nikapiga hesabu. AC ya hospawa moja ikiwa inavuta inakula kama wati 900, nne kwa saa nane za kulala, hata ukisema nusu ya muda zimepumzika, hizo ni uniti 14 kwa usiku mmoja, tena usiku jua halipo kwa hiyo zote zitoke kwenye betri. Feni la dari la DC linakula kama wati 30. Manne usiku kucha ni uniti moja. Kumi na nne kwa moja! Nikamwambia Ami, bei nitakupa, lakini nipe siku yako moja kwanza, nikuoneshe nyumba.

Saa 1 asubuhi, Mji Mkongwe
Nimewakuta Forodhani, sabalkheri, sabalkheri, Bi Mwalimu kabeba chupa ya chai. Tumesimama kidogo mbele ya Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu, mie kila nikipita hapa moyo unanishika toka ile tarehe 25 Disemba 2020 ilipoporomoka upande mmoja na watu wawili wakafariki. Nyumba hii aliijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1883 na ndio jengo la kwanza hapa Unguja kuwashwa taa za umeme. Lakini nilichotaka Ami akione ni zile baraza zilizoizunguka kila ghorofa. Jua likija linapiga baraza, haligusi ukuta wa chumba. Ilitiwa umeme, ikatiwa lifti, lakini kazi ya kuipoza hawakuuachia umeme, ilifanywa na nyumba yenyewe.

Halafu tukaingia ndani mitaani kwenye nyumba moja inayotengenezwa, naijua kwa sababu nilipitisha waya za taa mle. Nje kulishaanza kuchoma, ukivuka mlango unahisi kama umeingia kwenye mtungi. Ukuta karibu nusu mita, jiwe la matumbawe na chokaa, dari juu kabisa, boriti za mkoko zimepangwa mstari (ndo maana vyumba vya mjini ni vyembamba na virefu, upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama mita tatu hivi, zaidi ya hapo mti unapinda). Katikati kuna ua wa wazi, hewa ya moto inapanda inatokea juu na ya baridi inavutwa kutoka uchochoroni ambako jua halifiki kwa kuwa nyumba zenyewe zinakingana kivuli.

Fundi wa chokaa mle ndani ni mzee wa makamo ya babu yangu. Bi Mwalimu akamuuliza, babu kwa nini msipige simenti mkamaliza haraka? Mzee akaweka mwiko chini akamshika mkono akampeleka ukuta wa nyuma ambao mwenyewe wa zamani aliupiga simenti. Akagonga kwa kidole, kitupu, plasta ikadondoka kama ganda la yai na nyuma yake unyevu na chumvi nyeupe. "Chokaa inapumua bibi, hii simenti inaufungia unyevu ndani, ukuta unaoza umevaa nguo nzuri." Ami alikuwa kimya, anapapasa ukuta. Akaniuliza hapa saa 8 mchana kunakuwaje? Nikamwambia muulize babu, yeye mchana analala hapohapo sakafuni.

Saa 3
Boflo na maharage Darajani, chai tuliyokuja nayo, tukaondoka.

Njiani kwenda Kinyasini
Ami anaendesha polepole sana, kwa hiyo nilipata nafasi ya kusema. Akaniuliza mwanamke kama wewe uliingiaje kwenye sola, nikamwambia ni ile kiza ya 2009. Anaeikumbuka anaikumbuka. Unguja tunaletewa umeme na waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Dar es Salaam, mpaka Fumba, wa kwanza uliwekwa 1980, na Disemba 2009 mambo yakaharibika kisiwa kizima kikawa hakina umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Na mwaka 2008 pia tulikaa karibu mwezi. Mie nilikuwa skuli. Nakumbuka mlio wa majenereta Darajani mpaka mtu hasikii mwenzake, na nakumbuka ndoo, kwa sababu umeme ukikosekana pampu za maji nazo hazifanyi kazi, tukawa tunapanga foleni kisimani mie na dada zangu kabla ya alfajiri. Na jua lile lile linatuchoma kichwani kila siku. Waya mpya wa megawati 100 umekuja 2013, alhamdulillah, lakini lile jambo halikunitoka.

Saa 4 na nusu, Kinyasini
Hapa ni chuo cha Barefoot College, kilifunguliwa 2015. Asili yake ni Tilonia, kule Rajasthan India, ambako kazi hii ilianza 1972, na walimu wetu wa mwanzo walikwenda kusomeshwa huko huko. Wanachukuliwa akina mama wa vijijini, wengi wana wajukuu, wengine hawajui kusoma, kijiji chenyewe ndo kinamchagua nani aende. Wanakaa miezi wanajifunza kulehemu sakiti, kuunga paneli na betri, kutengeneza taa. Wanafundishwa kwa rangi, yaani kila kifaa kinajulikana kwa rangi zake na pahala pake, halafu mtu anarudi kwao anafunga sola na yeye mwenyewe ndo fundi wa pale.

Nilitaka Bi Mwalimu awaone kwa sababu nilijua atakaa. Akakaa kweli! Alivuta kiti karibu na mama mmoja wa Pemba aliyekuwa anachomelea, wakaanza, chei chei, kwenu wapi, watoto wangapi, dakika kumi baadae Bi Mwalimu ndo anashikiwa mkono aweke tone la risasi ya kulehemu kwenye waya. Yule mama akamwambia maneno ambayo mie nimeyaandika kwenye daftari langu: "Taa hii ikizima sisubiri gari la mtu kutoka mjini, naifungua." Kwangu hiyo ndo tofauti kubwa. Paneli unaweza kukaa nayo miaka 25, lakini fyuzi inaungua, waya inaliwa na panya, betri inachoka, na kama kijijini hakuna anaejua kufungua basi ndani ya miaka miwili una bati la gharama juu ya paa.

Saa 7
Sala, halafu wali na samaki kwenye mkahawa wa barabarani. Bi Mwalimu akataka kujua nyumba gani iliyonikaa zaidi katika zote nilizoziona. Nikamwambia zile za wageni kisiwani Chumbe. Tulipelekwa na skuli, wanawachukua wanafunzi bure kuwafundisha matumbawe na msitu. Wenzangu walikodolea macho samaki, mie nikakodolea macho paa.

Kisiwa kile kina mnara wa taa wa 1904 na hakina kisima, maji matamu hakuna kabisa. Basi zile banda saba za wageni kila moja inajitosheleza. Paa la makuti ni kubwa, limeinama kama mbawa, mvua ikinyesha maji yanashuka yanapita kwenye mchanga na kokoto yanachujwa yanaingia kwenye birika chini ya sakafu. Unayapandisha kwa pampu ya mkono, jua linayapasha moto, unaoga, na maji machafu hayaendi baharini yanaingia kwenye vitanda vya mimea inayoyanywa. Taa ni za sola. Choo hakina maji, unamimina majani makavu inakuwa mboji (hapa Ami aliacha kula kidogo, nikamwambia samahani Ami, lakini hakinuki wallahi). Na mbele ya banda hakuna dirisha, kuna ukuta wa makuti unaushusha kwa kamba upepo wa bahari unaingia wote. Hakuna AC. Usiku nje wanatembea na tochi tu, hawawashi mataa, kwa ajili ya wanyama wa pale, maana kuna hata kaa wa minazi, wale wakubwa.

"Sasa hiyo sola yao kubwa kiasi gani?" Ami akauliza. Nikamwambia Ami, ndo hilo nililokuletea siku nzima. Ndogo. Kwa sababu nyumba imeshafanya kazi yake kabla.

Saa 8 na nusu, pwani ya mashariki
Hapa nimewapeleka waone makosa, kwa ruhusa ya mwenyewe, dada mmoja anauza soda na barafu. Sola alifungiwa na watu waliokuja wakalipwa wakaenda zao. Paneli zimelazwa juu ya bati moja kwa moja, hakuna nafasi ya upepo chini. Watu wengi hawajui kwamba sola inataka mwanga, joto hailitaki. Kila digrii moja ikizidi 25 paneli inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4, sasa juu ya bati la pwani mchana ikifika 65 ushapoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wako. Skrubu za chuma cha kawaida, chumvi ya bahari imeshazila zimekuwa kama biskuti, pahala hapa unafunga stenlesi au usifunge. Betri ni za jeli na friji kila usiku inazikamua chini ya nusu, zimekufa mwaka na nusu. Yule dada alilipa kwa pesa za kibati, miezi kumi ya upatu wake. Mie nikiona hivi nakasirika hasa, kwa sababu yeye sasa akimsikia mtu anasema sola anasema utapeli.

Na mie nimekosea pia, nikawaambia. Kazi yangu ya kwanza kabisa nilifunga paneli karibu na mnazi, asubuhi ile nilipopima kivuli hakikuwepo, kumbe kuanzia saa 9 kuti moja linaangukia paneli ya pembeni, na zikiwa zimeungwa mfululizo moja ikizibwa inazivuta na nyengine. Nilirudi nikazihamisha kwa pesa yangu. Toka siku hiyo natembelea kiwanja mara tatu, asubuhi, mchana, jioni.

Saa 10 na nusu jioni, Tunguu
Kiwanja chao. Msingi bado haujachimbwa, kuna vigingi na kamba tu. Nikawaomba wote wawili wasimame ndani ya kamba, pahala pa chumba chao cha kulala, wasiseme kitu. Jua la magharibi likawapiga usoni. Ami akaweka mkono machoni. Ramani imeweka vyumba vyote vya kulala na madirisha makubwa ya vioo upande wa magharibi kwa sababu barabara iko huko, yaani kila siku nyumba inapashwa moto mpaka magharibi halafu mtu anaingia kulala ndani ya tanuu.

Nikamwambia tukiigeuza, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, mbavu fupi ndo zipigwe na jua la asubuhi na jioni, madirisha yatazamane. Kaskazi ikivuma inaingia huku inatokea kule, kusi ikija inaingia kule inatokea huku. Upenu urefushe uwe mita moja, dari ipande, paa lipakwe rangi nyeupe, na paneli nazifunga upande wa paa unaotazama kaskazini, zimeinama kidogo kama digrii 10 mvua izioshe, maana jua letu liko karibu utosini.

Ami akasema lakini mlango wa mbele si lazima utazame barabara? Watu watasemaje. Bi Mwalimu hakumjibu, aliinama akang'oa kigingi cha pembeni akanipa mkononi. "Mwanangu, kianzie wapi?" Ami akacheka akashika kamba upande wa pili. Tulihamisha vigingi vyote mpaka adhana ya magharibi, na mlango wa mbele ukapata baraza ya ubavuni inayotazama barabara, hilo alilitaka Ami na mie nimeliona zuri.

Saa 3 usiku
Niko na kalkuleta. AC nne zimekuwa moja, ya chumba cha mama yake Ami ambae ana presha na umri mkubwa, hiyo siibishii. Mafeni matano, friji, pampu ya maji, taa, runinga. Betri ya lithiamu imeshuka kuwa chini ya nusu ya ile ya mwanzo, paneli kutoka kumi na mbili zimekuwa sita. Naandika bei nimtumie.

Simu ikalia, Bi Mwalimu: "Fundi nimesahau, ule mwembe wa upande wa magharibi Ami yako alitaka kuukata. Nimekataa, utatupa kivuli."

Mwembe una kivuli, kweli, na saa 10 jioni kivuli hicho kitafika paneli ya mwisho. Nimefuta mchoro wa paa, nimezisogeza zote sita mwisho wa mashariki wa paa lilelile linalotazama kaskazini, na kesho saa 10 nakwenda tena Tunguu na futi yangu kupima kinapoishia.