Siku moja maishani mwangu: naitafuta oksijeni ndani ya nyota jitu

Saa 12:30 asubuhi. Ni Mei, Cape Town bado kuna giza, na kabla hata ya chai nafungua barua pepe. Jana usiku anga la Sutherland lilikuwa safi. Watu wa zamu kwenye darubini ya SALT iliyoko huko wameipiga nyota yangu picha mbili za spektra, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, dakika 20 kila moja. Ni jitu jekundu, nyota nzee iliyovimba, ndani ya Omega Centauri, fungunyota tufe (kundi la nyota zilizosongamana kama mpira) lililo umbali wa miakanuru kama 17,000. Nimeisubiri tangu Machi.

Saa 3. Ofisini. Kila elementi huacha mistari yake ya giza kwenye spektra ya nyota. Naanza na chuma, kwa kuwa mistari yake ni mingi na ndiyo inayonipa jotoridi. Kila mstari lazima uniambie kiasi kilekile cha chuma. Ikipishana, jotoridi nimelikosea na narudia. Narudia mara nne. Kelvini 4,300, chuma kama 1/30 ya kile cha Jua.

Saa 6 mchana. Sodiamu. Ile mistari yake miwili maarufu ya rangi ya manjano siigusi, ni minene mno, na gesi iliyoko njiani kati yetu na nyota nayo huichafua. Natumia miwili myembamba, nanomita 568.3 na 568.8. Sodiamu ni nyingi. Kwenye mafungunyota haya, sodiamu ikizidi oksijeni hupungua. Basi najua oksijeni itakuwa haba, na itanitesa.

Saa 8. Mstari wa oksijeni ninaoutegemea uko nanomita 630.0, hafifu sana, na hewa tunayovuta ina oksijeni inayochora mistari yake jirani pale pale. Bahati nzuri Omega Centauri inatukimbia kwa kilomita kama 232 kwa sekunde, hivyo mstari wa nyota umesogea hadi karibu 630.5, mbali na mng'ao wa oksijeni ya anga letu. Mistari mingine ya hewa naifuta kwa kugawanya spektra yangu kwa spektra ya nyota ya moto mkali inayojizungusha kasi. Hiyo karibu haina mistari yake sehemu hiyo, kwa hiyo kovu lolote lililoko ni la hewa.

Nagawanya. Mstari haupo.

Nakaa kimya. Halafu nazitenganisha zile picha mbili. Ya kwanza ina kibonde chenye kina cha asilimia 4 hivi, laini, mahali pake hasa. Ya pili ina mwiba unaopanda juu: mwonzi wa kosmiki, chembe yenye kasi kubwa kutoka angani, umegonga kitambuzi palepale na kukifukia kibonde. Ningeamini wastani wa hizo mbili, ningeandika kwamba nyota hii oksijeni yake haionekani kabisa. Sehemu hiyo ya picha ya pili naitupa. Kosa la kipimo linaongezeka, sawa, afadhali hivyo.

Saa 11 jioni. Sodiamu juu, oksijeni chini. Nyota yenyewe haikuyafanya haya. Ina uzito wa kama 0.8 ya Jua, tumboni mwake hamna joto la kutosha kuipika sodiamu kiasi hiki. Tena mwaka 2001 darubini ya VLT huko Chile ilionyesha hali hiyohiyo kwenye nyota za NGC 6752, fungunyota tufe jingine, ambazo bado hazijawa majitu. Kwa hiyo jitu langu lilizaliwa na gesi iliyokwisha kupikwa na nyota zilizolitangulia. Nyota za aina gani? Majitu ya mwisho wa maisha, nyota nzito zinazojizungusha kasi, nyota kubwa kupita kiasi: kila jibu linafeli mahali fulani. Swali hilo ndilo linaloniamsha.

Saa 3 usiku. Nampigia mama Tanga, kwake ni saa 4.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nimekula. Namwomba atoke uani, atazame kusini, aitafute Salibu, zile nyota zilizokaa kama msalaba, kisha apande juu kidogo kuelekea kushoto. Nasikia kandambili zake sakafuni, kisha kimya kirefu.

"Kuna kimoja kina ukungu," anasema. "Hakimetimeti kama wenzake."

Ndicho hicho, mama.