Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa wodi za wagonjwa wa akili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya rangi, kiporo cha wali, na kabla jua halijachomoza gari la ofisi limeshanipitia. Tuko wanne: daktari wa magonjwa ya akili, mfamasia, mimi muuguzi, na kaka mmoja ambaye hakusomea afya. Yeye aliwahi kulazwa kwenye wodi kama hizi tunazokwenda kukagua. Wenyeji hushangaa kumkuta kwenye timu, na wengine humsalimia mwishoni kabisa. Mimi bila yeye siendi.

Saa mbili tuko ofisini kwa mganga mfawidhi. Kitabu cha wageni kimesainiwa, barua imesomwa, naeleza tulichofuata, maana wengi wanaamini mkaguzi huja kufukuzisha watu kazi. Dodoso letu tumelitoa kwenye lile la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2012, nalo limejengwa juu ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Linataka kujua mgonjwa anaishije hapa, anatibiwaje, anasikilizwa kiasi gani katika maamuzi yanayomhusu, analindwaje na ukatili, na anaandaliwaje kurudi kwao.

Saa tatu, stoo ya dawa: leja na rafu vinasema kitu kimoja. Jikoni nimeonja maharage, yameiva.

Saa nne, wodi ya wanaume. Kijana mmoja amesimama mlangoni, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Ila usiku hatuna maji."

Mhudumu aliyekuwa nyuma yangu akaingilia haraka: "Mama, huyo usimsikilize. Juzi alisema yeye ndiye mkuu wa mkoa."

Huenda alisema hivyo. Lakini mtu anaweza kukosea kuhusu cheo chake na bado akajua kama ana kiu. Mgonjwa wa akili akilalamika, malalamiko yake huhesabiwa kuwa dalili, na hili ndilo jambo linalonifanya nisiache kazi hii. Nikaomba faili lake. Kurasa chache nyuma, kwa mwandiko wa zamu ya usiku, nikasoma kuwa mgonjwa ana fujo, anagonga geti, anadai maji. Amechomwa sindano ya klopromazini, dawa ya kumtuliza mgonjwa wa akili. Dawa hiyo yenyewe hukausha mdomo.

Nikauliza maji ya kunywa yako wapi. Bombani, ua wa nyuma. Na geti la kwenda uani hufungwa saa ngapi? Saa kumi na mbili jioni, likafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo lilikuwa limefungwa pia, kwa sababu ya ugeni wetu. Nikaomba lifunguliwe.

Funguo anao mhudumu, kaenda stoo. Tukangoja. Mhudumu akarudi na mashuka, akasema funguo alimwachia fundi. Fundi akapigiwa simu, yuko jengo la utawala, anakuja sasa hivi. Fundi akaja na rundo la funguo, akajaribu mmoja baada ya mwingine, hakuna ulioingia. Matroni akaniambia kwa upole, "Dada, twendeni kwanza wodi ya wanawake, mtarudi hapa baadaye." Nikamwambia nitasubiri. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ile baraza, miguu inaniwaka, wenzangu wawili wakaendelea na ratiba. Nikabaki naandika muda: saa nne na dakika arobaini, saa tano, saa tano na robo. Mwishowe ikajulikana kwamba funguo ziko mbili tu. Mmoja ulipotea zamani. Wa pili uko kwa mlinzi wa usiku, na mlinzi kaenda nao nyumbani, amelala.

Kwa hiyo kama moto ungewaka bwenini saa ile, watu wote waliokuwa mle wasingekuwa na njia ya nyuma. Nilimuuliza matroni kama anaona ninachokiona. Akanyamaza, kisha akamtuma bodaboda kwa mlinzi.

Kaka yetu hakusimama na sisi getini. Alikuwa amekaa chini na wagonjwa, wanazungumza. Alipoinuka alininong'oneza: "Waulize kuhusu chupa." Kijana wa shati alitutazama kwanza, akainua kona ya godoro lake. Chupa mbili za soda zimejazwa maji, zimelazwa ubavu. Jirani yake anayo moja. Wakikutwa nazo wananyang'anywa. Ndoo rasmi ya bwenini ilikuwa kavu hadi chini, mfuniko una vumbi.

Na mle walikuwemo wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi. Anayetumia lithiamu husikia kiu sana, na mwili wake ukikauka, dawa hupanda kwenye damu ikageuka sumu: anatetemeka, anatapika, anachanganyikiwa. Anayemtazama usiku anaweza kudhani ugonjwa umempanda.

Geti lilifunguliwa wakati wali wa mchana ukigawiwa. Bomba linatoa maji safi kabisa.

Matroni alinivuta pembeni. Usiku ana muuguzi mmoja na mhudumu mmoja kwa bweni zima. Maji yakiachwa ndani yanamwagwa, sakafu inateleza, mtu anavunjika nyonga. Nilimwamini. Dawa nyingi za akili hushusha presha mtu anaposimama, na kuanguka ni hatari ya kweli. Nimekesha zamu za namna hiyo mwenyewe. Lakini ndoo ya koki juu ya kigoda, vikombe vya plastiki na mkeka wa mpira chini si mambo ya kusubiri bajeti ya mwakani.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Chakula sikula. Wodi ya wanawake, mafaili, fomu za waliolazwa bila ridhaa yao, ambao Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imewawekea utaratibu wake. Mengine yamekamilika, mengine hayana hata saini. Mgongo uliuma, macho yakawa mazito, na faili la mwisho nililisoma mara mbili ili nisimdhulumu mwenye faili.

Kikao cha kufunga kilianza jua likiwa linazama. Stoo ya dawa imepata alama za juu. Maji na geti vimepewa muda: ndoo kabla hatujaondoka, nakala tatu za funguo ndani ya wiki. Niliandika pia kwamba tatizo la maji liliripotiwa na mgonjwa, na kwamba taarifa yake ilikuwa sahihi. Matroni aliomba sentensi hiyo itolewe, isomeke tu kuwa "timu ilibaini". Nilimweleza kwa heshima kwamba haitoki, na nikaomba nakala ya ukurasa huo iwekwe kwenye faili la kijana, juu ya ile taarifa ya sindano.