Siku Moja ya Kupima Amini Kwenye Maji: Sampuli Tupu Ndiyo Bosi

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kugusa sampuli yoyote ya kupimwa amini, yaani kemikali zenye nitrojeni zinazofanana na amonia, mashine ya kromatografia ya kimiminika (HPLC) inawashwa ipate joto. Safu, bomba linalotenganisha kemikali, ni ya aina ya C18, milimita 150 kwa 4.6, pampu inasukuma mililita 1 kwa dakika, na taa ya detekta ya floresensi (mng'ao) inahitaji muda kutulia. Kimiminika cha kwanza ni maji yenye bafa (kitunza pH) ya asetati, pH karibu 6; cha pili ni asetonitraili. Wengi huzoea kutia asidi fomiki kila mahali. Kwa dansili, kemikali inayoshikana na amini na kuzifanya zing'ae, usithubutu: asidi inaipa protoni, na mng'ao unafifia.

Saa 2. Myeyusho wa kiwango, yaani wenye kiasi cha amini kinachojulikana. Amini hizi huuzwa kama chumvi za hidrokloridi, na hapo ndipo hesabu za wageni huharibika. Ukitaka miligramu 100 kwa lita za methilamini yenyewe, pima miligramu 21.7 za chumvi kwenye mililita 100, kwa sababu chumvi ina uzito wa molekuli 67.5 na methilamini 31.1 tu. Kwa dimethilamini ni miligramu 18.1. Chumvi hizi hunyonya unyevu haraka, kwa hiyo chupa itoke kwenye desiketa (chombo cha kutunza ukavu), ipimwe, irudi.

Saa 3. Sampuli zinatolewa kwenye friji ya nyuzi 4. Zilichujwa kwa kichujio cha maikromita 0.45 kule kule zilikochotwa, ndipo zikatiwa asidi hidrokloriki hadi pH 2. Mpangilio huo haubadilishwi: ukitia asidi kwanza, seli za mwani hupasuka na kumwaga amini zake ndani ya maji. Asidi huzuia bakteria wasizile, na huzuia amini zisiruke hewani. Chupa ziwe za plastiki ya polipropilini, maana kioo hushika amini zenye chaji. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaongezwe thiosalfeti papo hapo. Klorini isipouawa hugeuza amini kuwa kloramini.

Saa 4. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye kichupa: mililita 1 ya sampuli, mikrolita 20 za heptilamini kama kiwango cha ndani (amini ya kulinganishia, kiasi kile kile katika kila kichupa), mikrolita 200 za bafa ya borati ya molari 0.5 yenye pH 9.5, kisha mikrolita 500 za dansili kloridi, miligramu 2 kwa mililita ya asetoni. Funga, tikisa, weka gizani kwa nyuzi 60, nusu saa. Halafu mikrolita 50 za prolini, miligramu 100 kwa mililita, zimalize dansili iliyobaki. Subiri robo saa, chuja.

Adui mkubwa ni amonia. Miligramu moja ya dansili ni maikromoli 3.7. Maji machafu yenye amonia miligramu 50 kwa lita yana maikromoli 2.9 katika mililita moja, yaani zaidi ya robo tatu ya dansili imeshaliwa kabla amini hazijapata zamu. Kiwango cha ndani kikishuka ghafla katika sampuli moja tu, mshuku huyu. Dawa ni kuipunguza sampuli kwa maji mara 10 na kuanza upya.

Trimethilamini usiitafute kwa njia hii. Haina hidrojeni juu ya nitrojeni, hivyo dansili haiishiki.

Saa 7 mchana. Sampuli tupu, yaani maji safi yaliyopitia hatua zile zile, inaingia mashinani kwanza, mikrolita 20, mwanga wa kusisimua nanomita 335, wa kupokea 520. Karibu kila mara kilele cha dimethilamini kipo. Swali ni kikubwa kiasi gani. Kikifika nusu ya kilele cha kiwango cha chini kabisa cha grafu ya kupimia, kundi zima halisogei.

Anza na maji: yapitishe kwenye katriji ya kubadilishana kationi (hunasa amini zenye chaji), rudia. Kilele kikibaki, tazama mikono. Glavu za mpira hutoa amini za pili kutokana na viharakishi vilivyotumika kuuimarisha mpira. Kisha angalia maabara nzima. Chupa ya dimethilfomamaidi iliyoachwa wazi chumba hicho hicho inatosha kuharibu wiki, kwa kuwa huvunjika taratibu kuwa dimethilamini. Kutoa thamani ya sampuli tupu kwenye hesabu na kuendelea ni njia ya mkato, nayo inadanganya pale ambapo uchafu hauko sawa kichupa kwa kichupa.

Saa 9 alasiri. Viwango vya maikrogramu 1, 2, 5, 10, 25 na 50 kwa lita. Kilele cha amonia ni mlima, na mkia wake hupanda juu ya methilamini. Anza asetonitraili chini kidogo, asilimia 45, viachane. Ethilamini na dimethilamini zina fomula moja, kwa hiyo hata detekta ya masi haitakuokoa kwa uzito pekee. Safu ndiyo izitenganishe.

Saa 11 jioni. Foleni ya usiku inapangwa: sampuli 10, kiwango cha katikati cha kukagua, sampuli tupu, na sampuli moja iliyoongezewa maikrogramu 10 kwa lita, ambayo lazima irudishe asilimia 80 hadi 120 ya kilichoongezwa. Kila mzunguko ni dakika 30. Hakikisha asetonitraili inatosha hadi asubuhi, na chupa ya taka haijajaa.