Siku Moja na Kompyuta Iliyozima Kila Ilipopewa Kazi Nzito

Karakana yangu ipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na kila asubuhi kazi ya kwanza ni kupangusa. Upepo wa bahari hapa Tanga huleta chumvi usiku kucha, na chumvi hunywa maji ya hewani unyevu ukishakaribia asilimia 75, kwa hiyo utando mwembamba unaotua juu ya vyuma huwa umelowa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Saa 1:15 asubuhi nilipangusa meza na vifaa, nikapima soketi ya ukutani kwa mita, nikaona volti 226. Binti wa dada yangu, ambaye ninamfundisha kazi tangu mwaka jana, aliandika namba hiyo kwenye daftari kama ninavyomtaka aandike kila siku kabla hatujawasha mashine ya mtu.

Saa 2 kasoro robo bajaji ilisimama mlangoni. Kijana mmoja wa Raskazone, kule kando ya bahari, aliteremka akiwa amepakata kompyuta yake ya mezani, imeviringishwa khanga mbili, na dereva akamsaidia kuivusha kizingiti.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Iweke hapo juu ya sponji, taratibu.”

Kijana huyu huchora majengo na kutengeneza picha zake za pande tatu kwa ajili ya wenye viwanja na makandarasi, na mashine yake ni ya kiwango ambacho hakifiki hapa mara nyingi: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 9 5950X yenye viini 16, ramu, yaani kumbukumbu ya muda, ya gigabaiti 64, na kadi ya michoro ya GeForce RTX 3090. Kwa miezi miwili mashine ilikuwa ikifanya kazi ndogo bila shida yoyote, lakini ikipewa picha kubwa, baada ya dakika kumi hadi ishirini skrini inakuwa nyeusi. Fundi wa kwanza alifungua kumbukumbu za Windows, akaona tukio namba 41 la Kernel-Power, akasema pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, imechoka. Kijana akanunua nyingine ya wati 1000 badala ya ile ya 850, ya mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile. Tatizo likabaki palepale. Fundi wa pili akamwambia kadi imekufa, anunue nyingine. Kadi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya mashine ile, na kijana hakuwa na fedha hiyo.

Lile tukio namba 41 limewatia watu hasara nyingi. Jina lake linataja umeme, lakini maana yake ni kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu, basi. Ukiishikilia mwenyewe kitufe cha kuwashia mpaka ikazima, itaandikwa 41 vilevile. Hiyo ni taarifa ya msiba, haisemi marehemu aliugua nini.

Ndiyo maana sikuchukua bisibisi. Nilimketisha kijana, nikamwuliza.

“Skrini ikiwa nyeusi, feni nazo zinasimama?”

“Hapana, fundi. Zile za kadi ndiyo kwanza zinavuma kwa nguvu zote. Na kama nilikuwa nasikiliza kitu, sauti inaendelea kidogo.”

“Kisha unafanyaje?”

“Nashikilia kitufe mpaka izime, halafu nawasha upya.”

Maneno hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko saa tatu za kufungua na kufunga. Pawasaplai ikizidiwa na ikajilinda, hukata kila kitu kwa mara moja: feni, taa, sauti, vyote. Hapa mashine ilibaki hai, kadi peke yake ndiyo iliyopotea. Basi ama kadi yenyewe ni mbovu, ama umeme unaoifikia hautoshi, na kati ya mambo hayo mawili kuna njia ndefu ya waya ambayo hakuna fundi aliyekuwa ameitazama.

Saa 3 tulifungua ubavu wa sanduku la kompyuta, binti akipuliza vumbi kwa blowa huku akizishika feni kwa kidole zisizunguke. Nilihakikisha ramu zimekaa sawasawa na feni ya prosesa inazunguka, kisha tukaiwasha kupitia UPS, betri ya akiba ya karakana.

Kuanzia saa 3:30 tuliitesa prosesa peke yake kwa programu ya Prime95, kadi ya michoro ikiwa imepumzika. Binti aliuliza, “Mjomba, kwa nini tusiipe zote kwa pamoja tuone?” Nikamwambia kwamba zikifanya kazi zote kwa pamoja na mashine ikaanguka, hatutajua aliyeanguka ni nani. Kwa dakika 40 prosesa ilifanya kazi bila kutetereka. Ningeweza kuipima ramu usiku mzima kwa MemTest86, na siku nyingine ningefanya hivyo, lakini ramu mbovu huharibu hesabu za prosesa pia, na hesabu za Prime95 hazikuonyesha kosa hata moja. Nikaiweka ramu kando.

Saa 4:20 tuligeuza: prosesa ikapumzika, kadi ikapewa mzigo wa FurMark, programu ya kuitesa kadi. Pembeni nilifungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya ndani, kwa sababu kadi za aina hii zina vipimo vyake na huonyesha volti inayoingia katika kila soketi ya umeme. Kabla ya mzigo, soketi zote mbili zilisoma volti 12.0. Mzigo ulipoanza zikashuka hadi 11.6, kisha, jinsi dakika zilivyopita, 11.5, 11.4, 11.3. Kiwango kinachokubalika kwa njia ya volti 12 ni asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Dakika ya kumi na moja, ikisoma 11.2, skrini ikawa nyeusi na feni za kadi zikaanza kuvuma. Kijana aliinuka kutoka kwenye kiti. “Ndiyo hiyo, fundi! Ndivyo inavyofanya!”

Mashine inayokubali kuugua mbele ya fundi imekwisha kumsaidia nusu ya kazi.

Tuliiacha ipoe, tukarudia zoezi saa 5, safari hii nikiwa na mita mkononi. Nilichomeka ncha za mita kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, iliyokuwa haina kazi, inayotoka kwenye pawasaplai ileile. Wakati kadi ikisoma 11.3, plagi ile ilisoma 12.05. Nilimwita binti asome mwenyewe, na akasoma mara mbili. Pawasaplai ilikuwa inatoa umeme kamili, ila ulikuwa unapotelea njiani kabla ya kufika kwenye kadi, na umeme unaopotea kwenye waya haupotei bure, unageuka joto. Nilielekeza kipimajoto kwenye plagi ya kadi: nyuzi 94. Sentimita 20 kutoka hapo, katikati ya waya, nyuzi 47. Nikazima mara moja.

Saa 6 nilimwachia binti mama mmoja aliyeleta kompyuta mpakato isiyochaji, nikaichomoa ile plagi kwa kuibana kikomeo chake taratibu, kwa maana ilikuwa imeng’ang’ania. Harufu ilinifikia kabla ya macho, ile harufu kali ya plastiki iliyopikwa. Chini ya lenzi, tundu moja kati ya matundu nane lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa ya kukaanga, ukingo wake umelainika na kupinda kuelekea ndani, na ndani yake mdomo wa chuma unaoishika pini ya kadi ulikuwa umetanuka, umepoteza mkazo wake kabisa. Kwenye tundu la jirani, pale waya inapobanwa na chuma, palikuwa na unga wa kijani usiozidi punje ya mtama: kutu ya shaba, kazi ya chumvi ya Raskazone.

Nilimwonyesha kijana, kisha nikamchorea hesabu kwenye karatasi. Kadi hii hutumia hadi wati 350. Nafasi yake kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, inaweza kuipa wati 75, na kila soketi ya pini nane imekadiriwa wati 150. Yake ina soketi mbili, lakini zote mbili zilikuwa zinalishwa na waya mmoja wenye plagi pacha, kwa hiyo waya ule ulibeba kama wati 275 peke yake. Kwa volti 12 hizo ni karibu ampea 23, zikigawanywa kwenye nyuzi tatu za moto, kama ampea 8 kila uzi. Kila plagi hupata kama nusu ya mkondo huo, karibu ampea 4 kila pini; pini moja ikilegea, mbili zilizobaki zinabeba karibu 6. Mkondo ukiongezeka mara moja na nusu, joto linaongezeka zaidi ya mara mbili, na joto lile ndilo linalozidi kulegeza midomo ya chuma iliyobaki. Ndiyo sababu volti zilishuka polepole badala ya kuanguka ghafla.

“Lakini, fundi, pawasaplai si nilibadilisha?”

Hapo ndipo palipokuwa na jibu la siku nzima. Sanduku la pawasaplai lilibadilishwa, nyaya hazikubadilishwa. Aliyefunga ile mpya aliona nyaya za zamani zimeshapita vizuri nyuma ya mazabodi, akazichomeka zilezile kuokoa muda, na plagi iliyoungua ikabaki kwenye kadi. Jambo hili ninalisema kwa uzito: nyaya za pawasaplai hazihamishwi ovyo, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa sanduku hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, hata kama plagi inaingia bila shida. Kijana alisalimika kwa kuwa masanduku yote mawili yalikuwa ya toleo moja. Yangekuwa tofauti, volti 12 zingeweza kuingia mahali pa volti 5, na diski zenye kazi zake zote zingekufa papo hapo.

“Nyaya mpya ziko wapi?” nilimwuliza.

Alimpigia mama yake. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: “Mama, lile boksi jeusi chini ya kitanda changu... eeh, hilohilo lenye viatu vya Musa. Toa viatu, angalia mfuko wa kitambaa.” Saa 8 mchana, baada ya swala na sahani ya wali kwa samaki, bodaboda alileta mfuko huo, bado haujafunguliwa.

Saa 8:30 hadi saa 10 ilikuwa kazi ya mikono. Pini za kadi upande ule zilikuwa zimefifia, lakini hazikuungua. Nilizisafisha moja moja kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, nikazikagua kwa lenzi, nikazisafisha tena. Tulitoa nyaya zote za zamani, tukapitisha mpya, na safari hii kadi ikapata nyaya mbili tofauti, kila soketi na wake, kutoka kwenye matundu mawili tofauti ya pawasaplai. Binti ndiye aliyezichomeka, akisikiliza mlio wa kikomeo kila moja ilipokaa.

Saa 10:15 FurMark ilianza tena. Volti zilishuka kutoka 12.0 hadi 11.9, zikasimama hapo. Dakika ya kumi na moja ilipita, hakuna aliyesema neno. Dakika ya arobaini plagi zilisoma nyuzi 43 na 42.

FurMark ni mtihani wangu, lakini kijana alikuwa na mtihani wake. Saa 11:10 alifungua Blender, programu yake ya kutengenezea picha, akaweka picha ya nyumba ya ghorofa moja ambayo mteja wake alikuwa akiisubiri kwa wiki tatu, yenye vioo vingi na mwanga wa jioni, akaiacha ifanye kazi. Wakati tukisubiri, tulikubaliana kwamba ataihamisha mashine kutoka kwenye dirisha linaloelekea baharini hadi ukuta wa ndani, ataiwasha kila siku hata kama hana kazi, ili joto lake liikaushe, na ataileta kila baada ya miezi sita nikague plagi kwa lenzi. Nilimtoza shilingi 40,000 za ufundi, kwa kuwa hakuna spea niliyomwuzia.

Adhana ya magharibi ilipolia picha ilikuwa imebakiza robo. Ilikamilika saa 1 kasoro dakika tano usiku, na kijana akaituma kwa mteja kwa simu akiwa bado amekaa kwenye kiti changu. Ile plagi iliyoungua niliikata, nikaifunga kwa kikaratasi chenye tarehe na namba mbili, 12.05 na 11.2, nikamkabidhi binti aiweke kwenye kopo la mifano yake.