Daftari la Kusoma na Giza la Ziwa

Mei 2017 mwalimu wa taaluma aliniwekea mezani orodha ya watoto wa darasa la pili ambao, kwa maoni yake, walistahili kukariri darasa. Nilikuwa nafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika kijiji cha wavuvi, si mbali na Kigoma mjini. Jina la tatu lilinishtua. Mvulana yule nilimjua, anajua kusoma.

Orodha ilitokana na majaribio ya mwisho wa mwezi, na kote huko alama zake zilikuwa chini. Lakini mimi nilikuwa na daftari langu. Ijumaa moja napima, inayofuata naacha: naita watoto mmoja mmoja chini ya mwembe, nampa kila mtoto habari fupi asiyowahi kuiona, nahesabu maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja, kisha namuuliza maswali ya ufahamu. Habari lazima iwe ngeni, kwa sababu ya kitabuni wanaiimba kwa kichwa hata ukiufunika ukurasa. Na mtoto wa Kiha akisoma “rara” penye “lala” simhesabii kosa. Neno amelitambua, ulimi tutaunyoosha taratibu.

Mstari wa kijana ulikuwa hivi: 29, 15, 31, 16, 33. Mtoto asiyejua kusoma hafiki 33. Na anayejua, nini kinamrudisha 16?

Nikashuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, kwa bibi yake, anayemlea. Nilimkuta anageuza dagaa mchangani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Vuta ndoo hiyo ukae.”

Nikamsomea namba pamoja na tarehe zake. Alisikiliza mkono ukiwa kazini, halafu akausimamisha.

“Hiyo ya 16 ulisema lini?”

“Mwishoni mwa mwezi wa tatu.”

“Giza hilo. Na ile 15 nayo giza. Hizo kubwa ni za mbalamwezi, tumelala majumbani. Sasa Ramadhani inaandama siku mbili tatu hizi, giza tupu. Mjukuu wangu yuko hapa na mimi tangu saa kumi alfajiri. Ukimpima leo atakusomea nini?”

Kwa asiyelijua Ziwa Tanganyika: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta, wavu ukawazoa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi kijiji kizima hakilali, na watoto ni sehemu ya kijiji. Tangu mwanzo wa mwaka ule mwezi ulikuwa ukiandama siku za mwisho za mwezi wa kalenda, hivyo jaribio la shule likamkuta kijana gizani kila mara. Laiti nami ningekuwa napima mara moja kwa mwezi, nisingeona kitu.

Ofisini mwalimu wa taaluma alisema mtihani ni mtihani. Nilimheshimu, lakini sikukubali. Alama moja inakueleza habari za siku moja. Mtoto unamwona alama zikifuatana. Mkuu wa shule, mtu mzima mwenye subira, alichukua kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, tukazilinganisha na daftari mstari kwa mstari. Watoto wengine wa mwaloni walikuwa na panda-shuka ileile. Majina yao yakafutwa pamoja na la kijana wangu.

Waliobaki ni mabinti wawili wa upande wa mashambani. Mistari yao haikupanda wala kushuka: walikwama kwenye silabi za mb, nd na ny, giza au mbalamwezi. Hapo orodha ilikuwa na haki ya kutushtua. Ila kukariri mwaka mzima kwa ajili ya silabi chache niliona ni kuwaonea, nikaomba niwafundishe baada ya vipindi. Mkuu akaridhia.

Bibi naye alijinyima. Alitafuta mtu mwingine wa kumlipa kwa kazi ya alfajiri, mjukuu akabakiwa na kuanua dagaa jioni. Fedha hiyo ilitoka kwenye mtaji wake mdogo, najua ilimuuma.

Agosti, giza likiwa limeshika ziwa lote, kijana alisoma maneno 41 kwa dakika na kujibu maswali manne kati ya matano.